Kitabu cha kwanza, filamu ya mwisho

Mwezi uliopita mpwa wangu, mwenye miaka 11, alikuja kukaa kwangu likizo. Siku ya pili tu akasimama mbele ya rafu, akapitisha kidole kwenye migongo ya vitabu. "Mama mdogo, hivi saba nianze na kipi?" Nikamwambia aanze na cha Kabati. Akakichomoa, akakigeuza, akaniangalia kwa huruma. "Lakini hiki kimeandikwa namba mbili."

Hapo amegusa kidonda. Sisi wapenzi wa Narnia, vile vitabu saba vya watoto kuhusu nchi ya kichawi, tuna ugomvi wetu wa siku nyingi, na ugomvi wenyewe ndio huo. Mwandishi wake, C.S. Lewis, alitoa The Lion, the Witch and the Wardrobe, ndicho cha Kabati, mwaka 1950, kisha kitabu kimoja kila mwaka bila kukosa mpaka The Last Battle mwaka 1956. Kile kinachosimulia jinsi Narnia ilivyoumbwa, The Magician's Nephew, kilitoka cha sita. Mwaka 1994 wachapishaji, HarperCollins, wakavipanga upya kwa kufuata matukio, cha sita kikapelekwa mwanzo. Utetezi wao ni barua ya mwaka 1957 ambayo Lewis mwenyewe alimjibu mtoto mmoja aliyekuwa akibishana na mama yake kuhusu jambo hilohilo. Lewis akamuunga mkono mtoto. Halafu akaongeza kwamba pengine mpangilio si jambo kubwa hivyo, na sehemu hiyo ndiyo watu huisahau wakiitaja barua.

Mimi niko upande wa mama. Lucy anaingia kabatini kwa udadisi, anapapasa makoti ya manyoya akitafuta ubao wa nyuma, mkono unagusa matawi, mguu unakanyaga theluji, na mbele yake, katikati ya msitu usio na njia, taa ya barabarani inawaka. Nani kaiweka? Kitabu hakisemi, na utamu uko hapo. Aliyeanza na cha sita anajua tayari kwamba nguzo ile iliota kutokana na kipande cha chuma alichokirusha mchawi, kwa hiyo anaipita kama sisi tunavyozipita nguzo za umeme. Nilimweleza mpwa wangu haya yote. Akaanza na cha Kabati, nadhani ili ninyamaze.

Nyumbani kwetu Tanga tulivipa majina yetu: cha Kabati, cha Caspian, cha Safari, cha Kiti, cha Farasi, cha Mchawi, cha Vita. Viliingia ndani ya boksi moja la vitabu vya mitumba, vitano kati ya saba, kimoja kimekatika kurasa za mwisho. Viwili vilivyopungua nilivipata nikiwa nishaanza kazi. Nayasema haya ili msomaji ajue mapema kwamba mizani yangu ina mawe yake ya siri. Kitabu ulichokisoma ukiwa na miaka kumi, umelala kifudifudi sakafuni kwa sababu sakafu ndiyo yenye ubaridi, hakiwezi kushindana kwa haki na kitabu ulichokisoma kwenye daladala ukitoka kazini.

Cha Kabati nakipa nafasi ya nne. Najua nimeshawaudhi watu. Nilipokisoma mara ya kwanza sikujua Turkish Delight ni kitu gani, hicho ambacho Edmund, kaka yake Lucy, alikubali kuwauza ndugu zake kwa ajili yake. Nikakitafsiri kichwani kuwa halua, ile ya Pemba inayokuja kwenye kikapu kidogo cha ukili, samli inang'aa juu, harufu ya iliki inakufikia kabla hujaifungua. Kwa halua hiyo nilimwelewa Edmund kabisa, hata nikajiuliza kama mimi ningesubiri kuombwa mara mbili. Miaka mingi baadaye nikaonja Turkish Delight yenyewe: kibonge cha rangi ya waridi kilichogaagazwa kwenye unga wa sukari, ladha kama sabuni ya kuogea. Kumuuza dada yako kwa hii? Nilikuja kutulia nilipojua kwamba kitabu kilipotoka, peremende Uingereza zilikuwa bado za mgawo, na mgawo huo haukuondolewa mpaka Februari 1953. Mtoto wa mwaka 1950 anayesoma kwamba Malkia, yaani yule Mchawi, amempa mwenzake boksi zima la ratili kadhaa, bila kuulizwa kuponi, alikuwa anasoma kitu kikubwa kuliko uchawi.

Kwa nini basi cha nne? Kwa sababu ni sinia la sikukuu lililowekewa kila kitu: nusu mtu nusu mbuzi wa Kirumi, simba mwenye jina la Kituruki, halafu ghafla Baba Krismasi anafika na kumpa mke wa Beaver, mnyama wa mtoni anayeongea, cherehani. Nakula, nafurahi, lakini najua mpishi hakupima.

Filamu yake ya 2005, iliyoongozwa na Andrew Adamson, ndiyo filamu bora ya Narnia, na hapo sitaki ubishi. Kitabu kinamaliza kwa sentensi moja tu habari ya watoto kuondolewa London kwa sababu ya mabomu. Filamu inakuingiza ndani ya nyumba usiku ndege zikipita juu, kisha inakupeleka kituo cha treni, watoto wamening'inizwa karatasi za majina kwenye makoti kama mizigo. Ndipo unaelewa kwa nini watoto hawa wanataka kuingia kabatini. Na Georgie Henley, aliyecheza Lucy, aliingizwa kwenye seti ya theluji akiwa amefungwa kitambaa machoni, ili kamera imnase anapoiona kwa mara ya kwanza. Ule mshangao hakuuigiza. Tilda Swinton naye ni Mchawi ambaye hapandishi sauti. Anaongea taratibu kama mtu ambaye watumishi wake wamezoea kusikia, na hilo linatisha kuliko kelele zote za Barbara Kellerman kwenye tamthilia ya BBC ya 1988.

Cha Caspian ni cha sita. Kina panya Reepicheep, na panya huyo anatosha kukiokoa kisiwe cha mwisho. Filamu yake ya 2008 ina vita vingi kuliko maneno. Tuendelee.

Cha Vita ni cha mwisho, na naona uchungu kukiweka huko kwa sababu kinaanza vizuri kuliko karibu vyote. Nyani mjanja anaokota ngozi ya simba, anamvisha punda mpole asiye na neno, anawatangazia wanyama kwamba Aslan, yule simba mkuu wa Narnia, amerudi na msemaji wake ni yeye peke yake. Aslan ana hasira, anasema nyani, anataka njugu zaidi. Nani kati yetu hajawahi kukaa mkutanoni akamsikia nyani huyo? Lakini kitabu hakibaki hapo. Susan, dada yake Lucy, anafungiwa mlango kwa kosa la kupenda soksi za nailoni, rangi ya midomo na mialiko, na anaachwa duniani peke yake, ndugu zake wote wamekufa kwenye ajali ya treni ambayo mwandishi anaisimulia kama habari njema. Kitabu hicho kilipata medali ya Carnegie, tuzo ya Uingereza ya vitabu vya watoto. Mimi ningempa Lewis medali hiyo kwa kimojawapo cha vile sita.

Cha Farasi hakina namba ya kudumu kwangu. Kuna siku ni cha pili, kuna siku ni cha sita, inategemea nimefungua ukurasa gani. Ndicho kitabu cha Narnia kinachokaa zaidi kwenye nchi ya Calormen, ambako watu wanavaa vilemba, wanatembea kwa ngamia, wanatumia methali kila baada ya sentensi mbili na kumtaja mfalme wao kwa kumwombea adumu milele. Nilipokuwa mdogo nikasema, haya, hatimaye sisi tumefika. Kisha nikaona tumefikia upande gani. Watu wa Calormen ni weusiweusi, wakatili, wana watumwa, mungu wao ana mikono minne na kichwa cha ndege. Wa Narnia ni weupe, wanacheka, wanapiga miluzi barabarani. Shasta, mvulana wa hadithi hiyo, anapoingizwa kimakosa kwenye nyumba ya wageni wa Narnia mjini Tashbaan analetewa wali wenye zabibu na njugu na maini ya kuku, na matikiti ya baridi, na mimi nikawaza: hicho ni chakula chetu cha Idi, mbona wanaokipika ndio wabaya? Kinachochekesha zaidi ni kwamba jina la Aslan lenyewe Lewis aliliokota kwenye maelezo ya tafsiri ya Alfu Lela Ulela iliyofanywa na Edward Lane. Kwa Kituruki maana yake ni simba. Simba wao ametoka kwenye vilemba vyetu.

Lakini ndani ya kitabu hichohicho yumo Aravis, na Narnia nzima haina msichana kama yeye. Baba yake anataka kumwoza kwa mzee wa miaka sitini mwenye kibiongo na cheo kikubwa. Yeye anavaa deraya ya kaka yake, anapanda farasi anaondoka. Hadithi hiyo anaisimulia mwenyewe, kwa mtindo wa Calormen, ameketi wima, na Lewis anatia kando maneno ambayo kila mwandishi wa makala angeyabandika ukutani: kwamba Calormen watoto hufundishwa kusimulia hadithi kama watoto wa Kiingereza wanavyofundishwa kuandika insha, tofauti ni kwamba hadithi watu hutaka kuzisikia, bali insha hajapata kusikia mtu aliyetaka kuzisoma. Mtu anayetudharau hawezi kuandika hivyo. Au anaweza, na hapo ndipo ninapokwama kila mara. Hata kwenye cha Vita, mtu mwema kuliko wote ni askari wa Calormen aitwaye Emeth. Ni neno la Kiebrania lenye maana ya kweli, na shina lake ndilo lililotuzalia imani na amana.

Cha Farasi hakijawahi kufanywa filamu, na nadhani najua kwa nini. Hata BBC waliishia vitabu vinne.

Cha Mchawi ni cha tatu. Mama wa Digory anaumwa, mtoto anapewa tofaa la kumponya, anajaribiwa aliibe, haibi. Mama wa Lewis alikufa kwa saratani Agosti 1908, mtoto hajatimiza hata miaka kumi. Ukishajua hilo, sura ile ya tofaa unaisoma polepole.

Cha Kiti ndicho kile kilichokatika kurasa. Kwa miaka mitatu nzima Mwana Mfalme Rilian kwangu alibaki chini ya ardhi, maana ukurasa wa mwisho niliokuwa nao ulikuwa na maji yanayopanda na taa zinazozimika moja baada ya moja. Kaka yangu aliapa kwamba wote walikufa. Nashukuru lakini kwamba waliokichana walikiachia sura ya mchawi wa kijani, ile ambayo anatupa unga motoni, anapiga kinanda chake na kuwaambia kwa upole kwamba hakuna jua: mmeona taa, mkaikuza kichwani. Hakuna simba: mmeona paka. Watoto wanakubali. Mwana Mfalme anakubali. Anayekataa ni Puddleglum, kiumbe wa matopeni mwenye miguu kama ya bata, ambaye tangu ukurasa wake wa kwanza amekuwa akitabiri mvua, homa na mazishi. Anakwenda kwenye moto, anaukanyaga kwa mguu mtupu. Harufu ya nyayo inayoungua inawazindua wote. Kisha anasema kwamba huenda kweli wamejitungia jua na simba, basi dunia yao ya kutunga inaipita kwa mbali hii ya kweli ya mchawi, na yeye ataishi kama Mnarnia hata kama hakuna Narnia. Kitabu cha pili, bila wasiwasi.

Tom Baker alimcheza Puddleglum kwa BBC mwaka 1990. Tamthilia zile ukizitazama leo unaweza kucheka: Aslan ni mdoli mkubwa anayefungua mdomo kama pochi, mke na mume wa Beaver ni watu wazima ndani ya magunia ya manyoya, na viumbe wanaoruka wamechorwa kwa kalamu juu ya picha. Fedha haikuwepo. Lakini walikuwa na sehemu sita, kwa hiyo walikuwa na muda, na Baker akautumia wote kuhuzunika. Nikisoma Puddleglum sasa namsikia yeye. Hakuna mwigizaji mwingine wa Narnia aliyenifanyia hivyo, labda sauti ya Paul Scofield kwenye michezo ya redio iliyoanza kutoka 1998, ambayo nafungulia nikipiga pasi.

Sasa cha kwanza.

Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha. Enzi za nguvu zake alipakia nazi na boriti kati ya Tanga, Pemba na Lamu. Mimi nilipoanza kusoma Kiingereza cha kueleweka yeye alishafika umri wa kukaa barazani, na baada ya alasiri nilimsomea cha Safari, The Voyage of the Dawn Treader, nikitafsiri papo kwa papo, nikirukaruka nisipoelewa. Nilimwonyesha mchoro wa Pauline Baynes: chombo chenye omo ya kichwa cha joka, mlingoti mmoja, tanga moja la mraba. Akauangalia sana.

"Hili tanga halibishi," akasema. "Upepo ukiwajia usoni, wamekwisha. Watapiga makasia mpaka mikono itoke."

Nikamwambia ni chombo cha kichawi. Akauliza kama upepo nao ni wa kichawi. Nikaangalia kitabu, nikaona hapana, upepo ni wa kawaida, na makasia yapo. Babu akaridhika, akaniambia huyu mzungu angalau anajua anachokiogopa.

Tukafika kwenye tufani. Siku nyingi mfululizo, mlingoti unakatika, pipa za maji zinapungua, maji yanaanza kutolewa kwa kipimo. Eustace, yule mtoto mjuaji asiyependwa na mtu, anaandika yote kwenye shajara yake, na kwenye shajara hiyohiyo anaeleza jinsi alivyoamka usiku kwenda kuteka maji, akakamatwa na panya, na jinsi wote walivyomwonea. Babu alikasirika kwelikweli. Mwizi wa maji chomboni, akasema, hafungiwi chakula, anafungwa mlingotini, na kama mlingoti umekatika anafungwa kwenye kisiki chake. Nikaendelea. Eustace anaandika kwamba Lucy amempa sehemu ya maji yake, kwa sababu, Lucy kamwambia, wasichana hawaoni kiu kama wavulana. Naye Eustace anashangaa kwa nini jambo muhimu kama hilo halijulikani zaidi kwa wanamaji.

Kutoka jikoni bibi, ambaye sikujua kama anasikiliza, akaangua kicheko. "Muongo huyo! Na mimi hivyohivyo nilivyokuwa nikiwaambia mama zenu, mama haoni njaa."

Babu hakusema kitu. Akaniashiria niendelee.

Kitabu hiki hakina adui. Caspian, mfalme kijana wa Narnia, ana orodha ya makabaila saba waliopotea, anawatafuta kisiwa kwa kisiwa, lakini hata asipowapata safari ingekuwepo. Kisiwa kimoja kina kidimbwi kinachogeuza kila kitu dhahabu. Kingine kina giza ambamo ndoto hutimia, na mabaharia wanashangilia kwanza, kisha wanakumbuka ndoto zao ni zipi, wanakimbilia makasia. Nahodha anauliza pale faida ya kuingia gizani ni nini. Panya anajibu kwamba kama faida ni kujaza tumbo na mfuko, haipo hata kidogo. Kwenye Visiwa vya Upweke kuna soko la watumwa. Kwetu pwani hilo si jambo la hadithi, la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Liwali wa hapo, Gumpas, anamkumbusha Caspian kwamba ukiondoa biashara hiyo unarudisha nyuma maendeleo. Caspian anajibu kwamba maendeleo ya namna hiyo ameshayaona kwenye yai. Kwao Narnia huitwa kuoza. Yai viza! Kila nikisikia mtu amesimama kwenye maikrofoni na neno maendeleo, mimi nanusa.

Halafu Eustace anageuka joka. Analala juu ya hazina akiwaza uchoyo, anaamka na makucha, na bangili aliyoivaa inambana mkono uliovimba. Ngozi anajichuna mwenyewe mara tatu, kila mara chini yake kuna nyingine ileile. Mwisho analala chali, simba anamchuna yeye, kwa kina mpaka anadhani kucha zimefika moyoni. Anatupwa majini akiwa laini kama kijiti kilichobanduliwa gome. Ukurasa mmoja na nusu, anasimulia kwa sauti ya chini alfajiri, na Edmund, ambaye naye aliwahi kuuza watu kwa halua, anamsikiliza.

Filamu ya 2010 inaufanya ukurasa huo hivi: simba anakwaruza mchanga, joka anapaa hewani, mwanga, mtoto. Sekunde chache.

Ndiyo maana filamu ya kitabu changu cha kwanza ni ya mwisho katika zote, chini hata ya katuni ya 1979. Si kwamba haina kizuri. Will Poulter ni Eustace mwenyewe, na dakika za mwisho, panya akipanda wimbi kwenye kihori chake, zimenitoa machozi kila mara. Lakini watengenezaji waliogopa. Ya 2005 iliingiza zaidi ya dola milioni 700, ya 2008 ikashuka mpaka kama milioni 420, Disney wakajitoa, Fox wakashika, na nadhani kuna mtu alisema mezani kwamba safari isiyo na adui haiuziki. Wakaleta moshi wa kijani unaomeza watu. Wakaleta panga saba za kukusanywa na kupangwa mezani ili moshi uishe. Bahari ikawa kazi ya kumaliza. Hata hivyo ikaingiza chini kidogo ya ile ya pili, na mfululizo ukafia hapo. Netflix walichukua haki mwaka 2018, Greta Gerwig anaongoza, anaanza na cha Mchawi. Watu wa namba moja wameshinda tena.

Mpwa wangu yuko kwenye cha Safari sasa. Nilimsimulia habari za babu yangu, ambaye hakumkuta. Jumamosi asubuhi akaja jikoni akachukua kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, akakijaza maji akakiweka juu ya meza ya sebuleni. Hicho ndicho kipimo chake mpaka magharibi, akasema, na mtu asikiguse. Jua lilikuwa kali. Alisoma amelala sakafuni. Saa sita alikuwa bado na nusu. Saa tisa kasoro nikamsikia akifungua friji, taratibu, kama mtu anayeogopa kukamatwa na panya.